Jaketi la upepo limenigomea: niliamini tena au nirudi kwenye sponji?

Shikamoo Mzee Nahodha,

Mimi ni mtu wa ofisini na uvuvi wangu ni wa Jumamosi. Nina boti ndogo ya faiba yenye injini ya kufunga nyuma, na mwenzangu wa safari ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Tunatia nanga asubuhi, tunavua kwa fimbo na mshipi, mchana tunarudi. Nyumbani kuna pia kayaki mbili za plastiki, zile za kukalia juu, ambazo mke wangu na binti yetu wa miaka 12 wanazipenda kuliko boti.

Kwa miaka mingi tulikuwa na majaketi ya sponji, yale manene ya rangi ya chungwa. Nikuambie ukweli, kwenye boti hatukuyavaa. Yalikaa chini ya benchi, na mgongo ukichoka tunayakalia. Jua likiwaka, ukivaa lile unaiva. Mwaka jana shemeji akaniletea zawadi: majaketi mawili ya upepo, membamba, yanakaa shingoni na kushuka kifuani kama mkanda mpana, na ukianguka majini yanajaa yenyewe. Nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza nikavaa jaketi tangu kuondoka hadi kurudi, nikasahau hata kama nimelivaa. Kamba ya kuvuta tu ndiyo ilikuwa kero, inanasa mishipi, tukaikunja na kuichomeka ndani.

Sasa shida. Miezi miwili iliyopita tulikuwa tumekaa kimya tunangoja samaki, manyunyu yanashuka, na mawimbi madogo yanarusha maji juu ya omo, pale mbele ya boti. Ghafla jaketi langu likalia pwaa! Likajaa, likanibana shingo, fimbo ikanitoka mkononi nusura izame. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, lakini njiani kurudi nikawaza: kama linajaa lisipotakiwa, je, linapotakiwa?

Nikamshawishi tulijaribu na la kwake. Tukalitupa kwenye bwawa la kuogelea. Likakaa juu kidogo, likaanza kuzama, ndani kukasikika “tik”, basi. Tukavuta kamba, hakuna kitu. Tulipolitoa na kulifungua tukakuta mtungi wa gesi umelegea, unazunguka kwa kidole kimoja.

Mke wangu alikuwa ameliona lile la kwanza limetundikwa likiwa limejaa, akauliza kulikoni. Nikamwambia yote mawili nimeyapeleka kwa fundi na yamekaguliwa. Mzee, sikuyapeleka popote. Nilinunua mtungi mpya nikaufunga mwenyewe, na la shemeji tulikaza mtungi ule ule tukalianika. Mke wangu tangu mwanzo anasema jaketi ni sponji, mengine ni mapambo.

Na shemeji hajakata tamaa. Ameagiza mengine mawili, moja la binti yangu na moja la baba mkwe, mzee wa miaka 68 asiyejua kuogelea ambaye anataka kuja kuvua nasi. Ameagiza na lile dogo la kiunoni, kama pochi ya mkanda, ili mke wangu alivae kwenye kayaki.

Haya majaketi ni ya kutegemewa au tunajidanganya? Na nifanye nini na shemeji bila kumvunja moyo?

Mvuvi wa Jumamosi

*

Marahaba, Mvuvi wa Jumamosi.

Kabla ya lolote, lile jaketi la shemeji mlilolianika lisipande boti. Nitakueleza kwa nini, na nusu ya maswali yako itajijibu humo humo.

Sponji ni kitu kinachoelea. Inaelea ikiwa dukani, inaelea chini ya benchi yako, inaelea hata ikichanika upande mmoja. Jaketi la upepo ni mashine ya kutengeneza kitu kinachoelea. Kabla halijajaa ni kitambaa, mikanda na chuma, na ukiingia nalo majini katika hali hiyo halikuinui hata kidogo. Kuna kidonge kidogo kinachoyeyuka kikilowa. Kikiyeyuka kinaachia springi, springi inasukuma sindano, sindano inatoboa mdomo wa mtungi, na gesi ya kaboni dioksidi inajaza mfuko wa ndani kwa sekunde chache. Pingu moja ikikatika katika mnyororo huo, umevaa kitambaa.

Jaketi lako lilifanya kazi yake sawasawa, tena kwa bidii kuliko ulivyotaka. Kidonge hakijui tofauti ya bahari na manyunyu. Ukikiacha mwaka mzima katika boksi la boti lenye unyevunyevu, kinalainika pole pole, na siku ya mvua ndogo kinamalizikia. La shemeji nalo lilianza vizuri. Ile “tik” uliyoisikia ni springi ikiruka. Sindano ikatoka, lakini mtungi ulikuwa umerudi nyuma, haikuufikia. Mitungi hii hulegea yenyewe kwa mtikisiko wa injini na wa gari barabarani, na ndiyo moja ya kasoro za kawaida kabisa zinazokutwa kwenye majaketi haya yakikaguliwa. Kamba nayo haikusaidia kwa sababu inaendesha sindano ile ile. Watu wengi wanadhani kamba ni mtambo wa pili. Ni mlango wa pili wa chumba kile kile. Mtambo wa pili wa kweli ni mrija wa kupulizia kwa mdomo, ulio ndani karibu na bega, na nakuhakikishia hamjawahi kuupuliza mkiwa majini.

Sasa jaketi hilo mlilolikaza na kulianika lina kidonge kilichokwisha kuyeyuka. Mtungi nao hujui kama umeguswa au haukuguswa. Ufungue, utazame mdomo wake: ukiwa na tundu, hata kama ni la kuingia ncha ya sindano tu, mtungi ni tupu, ingawa kwa nje unang’aa kama mpya. Na hata kama hauna tundu, kidonge kimoja kipya kinahitajika kabla jaketi halijaitwa jaketi. Lako pia: uliweka mtungi mpya, hukuniambia kama uliweka kidonge kipya. Vitu hivyo viwili hubadilishwa pamoja, na huuzwa pamoja kama seti kwa aina maalumu ya jaketi. Seti ya jaketi la jirani haifai kwako, hata kama nyuzi za mtungi zinaingia.

Kwa hiyo ni ya kutegemewa? Ndiyo, kwa mtu anayeyahudumia, na kwa kazi iliyokusudiwa. Mimi mwenyewe nikiwa kwenye boti navaa la upepo. Walinzi wa Pwani wa Marekani waliyakubali kwa boti za starehe tangu mwaka 1996, na hata wao waliweka mipaka ambayo shemeji yako hajaisoma. Nitaifikia.

Sababu ya mimi kuyapenda wewe umeiandika bila kujua: mlikuwa mnayakalia yale ya sponji. Katika takwimu za walinzi hao hao za mwaka 2022, watu 636 walikufa katika ajali za boti za starehe. Pale ambapo sababu ya kifo ilijulikana, asilimia 75 walikufa maji, na kati ya waliokufa maji ambao ilijulikana kama walivaa jaketi au hawakuvaa, asilimia 85 hawakuwa wamevaa. Huenda baadhi yao walikuwa na majaketi, yamekaa humo humo botini. Sasa nikipewa kuchagua kati ya sponji iliyo chini ya makalio na jaketi la upepo lililokaguliwa ambalo mtu amelisahau shingoni, sihitaji kufikiri.

Kwa uvuvi wa kwenye boti, basi, chukua la upepo, na liwe la kujaa lenyewe. Mvuvi haanguki akiwa amejiandaa. Anaanguka akiwa amesimama ukingoni anavuta samaki, au anainua nanga, au, tusemezane kiume, anakojoa. Akigonga kichwa ubavuni mwa boti, nani atavuta kamba? Jaketi la kuvuta kwa mkono linamtaka mtu mwenye fahamu, mwenye mikono inayotii. Na mikono haitii kama unavyodhani. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, alitoa kanuni ya maji baridi ambayo waokoaji wengi wanaifundisha: dakika 1 ya kupambana na pumzi, kwa sababu mwili unashtuka na kuhema ovyo, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutumikia, na kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Kuna waliokufa katika ile dakika ya kwanza, na baridi yenyewe haikupata nafasi ya kuwaua. Wazee walisema mfa maji haishi kutapatapa. Kweli, na katika kutapatapa huko hakumbuki kamba iko kulia au kushoto.

Kama manyunyu na mawimbi ndiyo maisha yenu, kuna aina nyingine ya mtambo ambayo haitegemei kidonge cha kulowa. Hii husubiri shinikizo la maji, yaani inafyatuka ikizama kiasi cha sentimita 10. Mvua haiigusi, wala maji yanayorushwa na omo. Ni ghali zaidi, na seti yake ya kubadilisha pia, lakini kwa mvuvi anayelowa kila safari ningemwambia aifikirie kwanza. Sehemu ya mtambo huo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 5. Vidonge vya kawaida mara nyingi ni miaka 3, na tarehe imeandikwa juu yake. Kwenye boksi lenye joto na unyevu hata hiyo mitatu usiihesabu.

Kuhusu ndoana, umenishangaza hukuniuliza, maana ndilo swali la kwanza la wavuvi wengi. Mfuko wa ndani umekunjwa chini ya kifuniko kigumu kiasi, kwa hiyo ndoana inayopita haraka huishia kwenye kifuniko. Hatari ni ile inayosahaulika. Mtu anachomeka ndoana kifuani apate mikono miwili ya kufunga fundo, anaisahau, ncha inapenya taratibu kila anapoinama. Jaketi likijaa, upepo unatoka. Miiba ya samaki na kisu cha kuparia ni hivyo hivyo. Mwambie shemeji kwamba kifua chake si ubao wa kutundikia vifaa. Na usivae jaketi hilo chini ya koti. Mimi nilifanya hivyo siku moja ya upepo mkali, koti la mvua limefungwa zipu hadi kidevuni, jaketi la kidonge chini yake. Nilipoinama kunawa mikono wimbi likaniingia kolani. Jaketi likajaa ndani ya koti ambalo halina pa kwenda, na kwa muda ambao kijana wangu alichukua kutafuta zipu niliona nyota mchana. Mbavu ziliniuma wiki nzima. Koti ndani, jaketi juu, daima.

Namba pia zina maana. Viwango vya kimataifa vya ISO 12402 huyapanga majaketi kwa nguvu ya kuinua: 50, 100, 150 na 275, kipimo chake kikiwa nyutoni. Gawanya kwa 10 upate kwa makadirio kilo zinazoinuliwa. Mtu mzima wa kawaida anahitaji msaada wa kilo 3 hadi 5 na nusu tu ili kichwa kikae juu ya maji, kwa hiyo utasema 50 inatosha. Inatosha kwa anayeogelea, mwenye fahamu, msaada ukiwa karibu. Haikugeuzi uso juu ukizimia. Kazi ya kumgeuza mtu aliyezimia ndiyo iliyofanya majaketi mengi ya upepo yawe ya 150, na 275 ni kwa bahari kuu na nguo nzito. Jaketi la 150 mara nyingi hubeba gesi gramu 33. Hapa la upepo linaishinda sponji wazi wazi, maana sponji ya kuinua kilo 15 ni godoro. Lakini ukinunua, nunua na mkanda wa kupita kati ya mapaja. Bila mkanda huo jaketi lililojaa linapanda juu, linabaki masikioni, na wewe unabaki chini yake unatafuta hewa.

Kayaki ni habari nyingine, na hapa mke wako yuko sahihi kabisa.

Kayaki ya kukalia juu inalowesha mtu kuanzia dakika ya kwanza. Maji yanapanda kwa kasia hadi kiwikoni, wimbi linapita mapajani, na kupinduka ni sehemu ya mchezo. Jaketi la kidonge litajaa kabla hamjafika mbali. Haya, tuseme limejaa baada ya kupinduka kweli. Sasa mke wako ana puto gumu kifuani na shingoni, na kazi iliyo mbele yake ni kujivuta kwa tumbo juu ya kayaki. Puto linagonga ukingo, linamrudisha majini. Atalazimika kupunguza upepo kwa mrija ndipo apande, na akishapanda ana jaketi lililokwisha kutumika, mtungi mtupu, safari bado nusu. Jaketi la upepo linakuokoa mara moja. Kayaki inaweza kukuangusha mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Kwa kayaki za kuingia ndani ni vibaya zaidi, kwa sababu likijaa ukiwa bado kichwa chini linakubana kwenye tundu unalotakiwa utokee.

Sponji ya wapiga kasia siku hizi haifanani na yale magodoro yenu ya chungwa. Imekatwa juu ya mabega na chini ya makwapa ili mikono izunguke, mgongo wake ni mfupi, ina mifuko ya filimbi na kisu. Inakinga mbavu ukigonga mwamba, inatia joto kidogo ukilowa, na ukipinduka mara kumi inaelea mara kumi. Inunuliwe kwa kipimo cha mwili. Mvalishe, funga mikanda, kisha shika mabegani uvute juu. Ikifika masikioni ni kubwa.

Ile pochi ya kiunoni wengi wanaojisimamisha juu ya ubao na kupiga kasia wanaipenda, na siwalaumu, inatoa uhuru. Ila mwulize shemeji amewahi kuitumia. Ukivuta, mfuko unajaa mbele ya tumbo lako ukiwa majini, kisha ndipo unatakiwa uupitishe kichwani na kukaza mkanda, huku mawimbi yakikupiga kofi. Mtu mtulivu aliyefanya mazoezi anaweza. Ambaye kasia limemgonga au pumzi imemkimbia, ataishika tu kama mto. Na kila ya aina hiyo niliyoiona ilikuwa imezungushwa nyuma mgongoni kwa sababu mbele inakera. Kwa maji tulivu, karibu na ufukwe, kwa mwogeleaji mzuri, sina ugomvi nayo. Zaidi ya hapo, sponji.

Nilisema nitafikia mipaka. Majaketi ya upepo yaliyokubaliwa Marekani kwa kawaida huandikwa kwenye lebo kwamba si ya mtu wa chini ya miaka 16, wala si ya asiyejua kuogelea, wala si ya kuteleza juu ya maji au kupita maporomoko ya mto. Ulaya kuna ya watoto, na watoto wa mabaharia huyavaa chini ya macho ya wazazi. Binti yako wa miaka 12 kwenye kayaki simo. Mtoto hucheza na kamba, hujirusha majini kwa makusudi, na jaketi lake linapaswa kuwa tayari kwa mrusho wa ishirini.

Baba mkwe ndiye ananitia wasiwasi zaidi, na nadhani nawe pia, maana umemtaja kwa haraka. Asiyejua kuogelea akianguka, zile sekunde chache za kungoja mfuko ujae ni ndefu sana. Anameza maji, anashtuka, na mtambo ukigoma kama ulivyomgomea mwanawe hana lolote la kufanya, maana kupuliza mrija huku unapiga miguu ni kazi ya mwogeleaji. Mtafutie sponji ya 100 iliyo na kola nyuma ya shingo. Atalalamika joto. Mwekee turubai la kivuli, mpe maji ya kunywa, mkalishe katikati ya boti, na safari ya kwanza iwe fupi.

Sasa huduma. Hakuna siri, lakini ndipo watu wanapoangukia. Kila kabla ya kuondoka ufungue upande wa kifuniko, uone alama za kijani (kila jaketi lina zake, kitabu chake kinaonyesha zilipo), na ukaze mtungi kwa mkono. Kwa mkono, usitumie koleo. Inachukua muda mfupi kuliko kuwasha injini yako ya asubuhi. Ukirudi, ukilirudisha likiwa limelowa kwa maji ya chumvi, lipanguse kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo na chumvi, ulitundike penye kivuli na hewa, ndani ya nyumba. Boksi la boti lenye unyevu ndilo linaloua vidonge.

Mara moja kwa mwaka, na sasa hivi kwa sababu mmechelewa, toa mtungi na kidonge, jaza mfuko kwa mdomo mpaka uwe mgumu, uache hadi kesho yake. Asubuhi ukiukuta umelegea, jaketi hilo halina tena kazi, usilitie kiraka. Usitumie kompresa ya gari, itapasua mishono. Na usijaribu kufyatua gesi mfuko ukiwa umekwisha jazwa kwa mdomo, kwa sababu hiyo hiyo. Mtungi uweke kwenye mzani wa jikoni: uzito umechapwa ubavuni mwake, na ukipungua zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa na kitabu, umevuja. Angalia kutu pia. Mtungi wenye kutu unakwaruza kitambaa cha mfuko kila boti inaporuka wimbi, na siku moja unakuta tundu ambalo halikutokana na ndoana yoyote. Kutoa upepo, geuza kile kifuniko kidogo cha mrija ukichomeke kichwa chini, kisha ukunje mfuko kama kitabu kinavyochora. Wanaoukunja kama shuka wanashangaa baadaye kwa nini haukufunguka sawa. Na nunueni seti moja ya akiba ikae botini ndani ya mfuko mkavu. Jaketi likijaa katikati ya safari, bila akiba mmebaki na jaketi moja kwa watu wawili.

Shemeji usimnyang’anye zawadi yake. Mualike. Mwambie Jumamosi hii hamvui, mnaogelea: kila mmoja avae jaketi lake lenye kidonge na mtungi mpya, mruke pale maji yanapozidi kimo kidogo, mtu wa kuwatazama akiwa ukingoni. Mtasikia linavyolia, mtaona linavyokubana, mtajua jinsi ilivyo kazi kupanda boti nalo. Kisha toeni upepo wote, na mkiwa bado majini mjaribu kulijaza kwa mrija. Pumzi ya tatu tu atakuwa ameelewa mwenyewe kwa nini baba yake hafai kupewa hilo, na wewe hutahitaji kumhutubia. Ni seti mbili zimepotea kwa mchezo, sawa. Yale aliyoagiza aulize kama anaweza kuyabadilisha kwa sponji ya kayaki na ya mzee.

Mke wako mwambie kabla ya Jumamosi. Nilitaka nikuandikie maneno ya kupamba, nikaona hayapo. Mwambie hukwenda kwa fundi, uliona aibu, na jaketi la kaka yake lilizama bwawani mbele ya macho yako. Mwambie pia kwamba kwenye kayaki alikuwa sahihi. Kwenye boti ataendelea kubisha, na njia ya kumaliza ubishi ni aje Jumamosi awe ndiye mtu wa ukingoni.

Na ile kamba mliyoikunja na kuichomeka ndani, inuka sasa uitoe. Mshipi ukinasa, utanasuka.

Nahodha